Chachu ya Kugawana: shajara ya keki za Lamu, Januari hadi Machi 2025

Kila anayepokea kikopo cha chachu kutoka kwangu huniuliza maswali yaleyale, nami hujibu kwa simu hadi usiku wa manane. Bora yawe mahali pamoja. Tuko saba, wanawake tuliosoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa wadogo. Wanne tunakaa mjini Lamu, mmoja yuko Shela, mmoja Mokowe, na mmoja ameolewa Ujerumani. Nyumba yangu iko mtaa wa Mkomani, mjini, jiko langu liko juu, chini ya makuti. Sina oveni. Nina seredani mbili, yaani majiko ya makaa, na jiko dogo la gesi.

Jumamosi, 11 Januari 2025: Kuanza

Shoga yangu wa Ujerumani alikuja likizo Desemba akatusimulia keki wanayoiita huko Hermann. Unapewa kikombe cha chachu tamu, unailisha unga, sukari na maziwa kwa siku kumi, kisha unaigawa. Sehemu moja unaokea keki, moja unabaki nayo, zilizosalia unawapa rafiki zako nao waanze upya. Marekani wanayo pia, kwa jina la Amish Friendship Bread. Chachu yenyewe hakuja nayo, maana maziwa yaliyochacha hayakai kwenye sanduku la safari. Alituachia karatasi ya maelezo kwa mwandiko wake. Kwa hiyo chachu yetu tumeianzisha wenyewe kwa hamira ya dukani.

Nimetia vijiko viwili vya chai vya hamira katika robo kikombe cha maji ya uvuguvugu, nikangoja itoe povu, kisha kikombe cha unga wa ngano, kikombe cha sukari, na kikombe cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Bakuli la kauri, mwiko wa mti, kawa juu. Gharama Sh 95.

Karatasi yasema hivi: siku ya 1 usiiguse; ya 2 hadi ya 5 koroga tu; ya 6 ilishe; ya 7 hadi ya 9 koroga; ya 10 ilishe tena, kisha gawa.

Jumatatu, 13 Januari: Imefurika

Nilikoroga baada ya Alfajiri, ilikuwa shwari. Nikateremka sokoni. Kurudi saa nne, chachu imeinua kawa, imemwagika mezani, na chungu wamepanga msafara kutoka ufa wa ukuta mpaka ndani ya bakuli. Nimepoteza theluthi nzima.

Mwanzo nilidhani nimezidisha hamira. Nikampigia shoga yangu, akaniuliza jikoni kwangu kuna joto gani. Nikaazima kipimajoto: 32, na jua bado halijafika utosini. Kwake Januari hii, hata akiwasha hita, ni 19. Hapo nikaelewa. Hamira ni kiumbe hai, na joto humharakisha. Kazi inayochukua siku tatu nyumbani kwake, hapa huisha kwa siku moja na ushee. Ile ratiba ya siku kumi imeandikwa kwa nyumba za baridi, nasi tuko katikati ya kaskazi.

Nimerekebisha mambo matatu. Kwanza nimeishusha chini, chumba cha ndani, nikaiweka kwenye kidaka, shubaka la ndani ya ukuta. Kuta za mawe na chokaa za nyumba hizi ni nene sana, na ndani ya kidaka kipimajoto kilisoma 28 mchana. Digrii nne zimeleta tofauti niliyoiona kwa macho siku ileile. Pili, bakuli limekaa katikati ya sinia lenye maji, chungu hawawezi kuvuka. Maji hayo yabadilishwe kila siku, la sivyo unafuga mbu. Tatu, bakuli lisijazwe kupita theluthi.

Alhamisi, 16 Januari: Maji ya kijivu

Nilifuata karatasi, sikuilisha kabla ya leo, siku ya sita. Nilipofunua, juu pamejitenga maji ya kijivu yenye harufu kali. Bibi yangu alikuwa amekaa kitandani anasoma uradi, aliposikia harufu akauliza, "Mwanangu, hiki si tembo hiki?"

Tembo ni pombe ya mnazi. Swali lake ni la haki, na wengi wenu mtaulizwa hilo hilo, kwa hiyo nalijibu kwa urefu. Chachu ikimaliza chakula chake, maji hujitenga juu, na ndani yake mna kileo kidogo kilichotokana na sukari iliyoliwa na hamira. Hata donge la mahamri linaloachwa usiku kucha hupitia njia hiyo, ila halifiki huko mbali. Bibi mwenyewe akakumbusha kwamba zamani, kabla hamira ya paketi haijaenea, tembo tamu la mnazi ndilo lililoumua vitumbua na mikate ya kumimina sehemu nyingi za pwani, na wengine hawakupenda. Nimemuuliza mwalimu wangu wa chuo. Jibu alilonipa nimelichukua kwa nyumba yangu. Nawe muulize wako.

Kwa upande wa jiko, dawa ni moja: usiiache ifike hapo. Maji ya kijivu maana yake chachu ina njaa. Niliyamwaga, nikailisha siku hiyohiyo, na tangu hapo nimeandika ratiba yangu. Siku ya 1 anza. Ya 2 koroga asubuhi na jioni. Ya 3 ilishe. Ya 4 koroga mara mbili. Ya 5 ilishe asubuhi. Ya 6 gawa na uoke. Kwenye ratiba hii sijayaona tena yale maji.

Jumamosi, 18 Januari: Keki ya kwanza

Imeshindikana. Naieleza yote, kwani hapa ndipo nilipopoteza pesa nyingi zaidi.

Nilitia kikombe cha chachu, mayai 3, kikombe cha mafuta, nusu kikombe cha maziwa, kikombe cha sukari, vikombe viwili vya unga, kijiko cha chai na nusu cha bekingi poda, iliki na chumvi. Nikamimina yote kwenye sufuria moja, nikaiweka juu ya seredani, nikafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko kama tunavyopalia wali. Baada ya dakika 40 juu palikuwa peusi, chini pameungua, katikati uji. Nilipoonja kwenye ukingo uliobahatika kuiva, ikanikaza meno kwa uchachu. Mbuzi wa jirani alikula. Gharama ya keki hiyo, bila kuhesabu chachu, Sh 310 pamoja na makaa.

Makosa yalikuwa mawili na hayakuhusiana. La moto: makaa ya chini yalikuwa mengi kama ya juu, na sufuria iligusa moto moja kwa moja. Wali una maji ya kuulinda, keki haina. La uchachu: bekingi poda ina asidi yake ndani, haipunguzi asidi ya chachu. Inayopunguza ni magadi soda. Ikikutana na asidi hutoa hewa, keki ikapanda, na ukali ukashuka. Kwenye karatasi ilikuwapo, nusu kijiko cha chai, mimi nikaiacha kwa kuwa dukani siku ile haikuwapo. Usiiache.

Jumanne, 21 Januari: Ya pili na ya tatu

Ya pili nilitia magadi soda, ladha ikawa nzuri, katikati bado mbichi. Mama mdogo alipoiona akaniambia, "We mwana, keki nene haiivi kwa makaa. Itoboe katikati." Akachukua kikombe cha bati, akakisimamisha katikati ya sufuria, akapaka mafuta nje yake. Rojo likamwagwa kukizunguka. Joto sasa linapita ndani pia.

Ya tatu nilifuata agizo lake na kuongeza langu: sufuria kubwa chini, mchanga mkavu vidole viwili ndani yake, vijiwe vitatu juu ya mchanga, sufuria ya keki juu ya vijiwe. Makaa theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko, yaliyopangwa ukingoni kuliko katikati. Dakika 50. Nikaichoma kwa chelewa safi, ikatoka kavu. Rangi ya asali juu, ndani matundu madogo sawasawa, na ule uchachu umebaki kwa mbali, kama wa maziwa mala. Hii ndiyo keki niliyoitaka. Bibi alikula vipande viwili, akaomba cha kesho.

Jumapili, 26 Januari: Kugawana

Chachu imetoka vikombe vinne na ushee. Kimoja changu, kimoja cha keki, viwili vya watu. Cha shoga yangu wa Langoni, mtaa mwingine wa mjini, nilikipeleka kwa miguu, hakina habari. Cha Shela ndicho chenye habari.

Nilikitia kwenye chupa ya kioo ya kifuniko cha kukaza, nikakikaza hasa nisije nikamwaga, nikapanda boti saa saba mchana. Kutoka gati ya mji mpaka Shela ni kilomita tatu hivi, mwendo mfupi, lakini boti ilingoja abiria karibu saa nzima juani. Tulipofika karibu, nikasikia mlio. Kifuniko kimeruka, chachu imenirukia buibui, imemrukia mzee aliyekaa mbele yangu na mkoba wake. Nilimwomba radhi sana. Alinisamehe, akaniambia nishukuru chupa haikupasuka.

Namshukuru Mungu kweli. Chachu inapumua, hewa yake isipopata pa kutokea huisukuma chupa mpaka kitu kiachie. Kioo kingeweza kuwakata watoto waliokuwa pale. Safari zote tangu siku hiyo: kikopo cha plastiki, nusu tupu, kifuniko kimeegeshwa tu, kimefungwa kwa kitambaa na mpira, ndani ya kikapu kilichosimama wima. Safari za mapema, kabla ya saa tatu, au jioni.

Iliyobaki chini ya chupa ilikuwa vijiko vitatu. Shoga yangu wa Shela hakuitupa. Alivilisha vijiko vile vitatu robo kikombe cha unga na robo ya maziwa, sukari kijiko kimoja tu kwa kuwa hakuwa nayo nyingi. Kumbukeni vijiko hivyo vitatu, vitarudi.

Jumanne, 4 Februari: Ripoti za nyumba nyingine

Sasa tuko nyumba tano, na kila jiko limefundisha jambo.

Langoni chachu haikuumuka siku mbili nzima. Tulichunguza kila kitu mpaka tukafika kwenye maji. Maziwa yalipomwishia alichanganya unga na maji ya kisima cha nyumbani kwao, na kisima hicho kina chumvi mpaka chai yake inajulikana. Chumvi huilemea hamira. Alipobadilisha akatumia maji matamu ya bomba, yale yanayotoka kwenye visima vya machuguu ya mchanga ya Shela, ikaamka siku ya pili yake.

Mokowe aliiweka kwenye sufuria ya alumini usiku kucha. Asubuhi sufuria imefanya weusi na chachu ina ladha ya chuma. Asidi na alumini havikai pamoja. Kuokea humo si neno, ni saa moja tu. Kulaza chachu humo hapana. Aliitupa akaanza na kikopo kingine.

Na kosa langu mwenyewe: nilitaka chachu ya kwetu kabisa, nikailisha tui badala ya maziwa. Tui ndilo letu, nikasema. Siku ya kwanza ilinukia vizuri. Siku ya pili mafuta yamepanda juu yakaganda utando, chini chachu haijala. Siku ya tatu harufu ya nazi iliyooza, nikamwaga yote, kikombe na nusu. Tui linaharibika mbio kwenye joto hili, na sukari yake ni kidogo. Liweke kwenye rojo la keki siku ya kuoka. Hapo linafanya maajabu.

Jumatano, 12 Februari: Hesabu

Nilikaa na kalamu. Kila nyumba ikitoa vikopo viwili na kubaki na kimoja, nyumba moja huwa tatu, tatu huwa tisa, tisa huwa 27, na raundi ya nne 81. Kwa ratiba yetu ya siku sita, hizo ni siku 24. Sisi tuko saba.

Na lilikuwa limeshaanza kuonekana. Jirani mmoja alikuta kikopo barazani kwake bila salamu. Mwingine aliniambia wazi kwamba alikipokea kwa haya, akakimwaga kwa haya zaidi. Lilinichoma. Zawadi inayomlazimisha mtu kununua sukari kila siku ya tatu imekuwa deni. Kulisha mara moja kwa vipimo vya karatasi ni kama Sh 76: unga 12, sukari 32, maziwa 32. Mara mbili kwa raundi, 152, kabla hujavunja yai. Kwa nyumba zetu nyingi hizo ni pesa za samaki.

Tumebadilisha hivi, na wote saba tumekubali. Mtu anabaki na nusu kikombe tu cha chachu. Analisha robo kikombe cha unga, robo ya maziwa, kijiko kimoja cha chakula cha sukari. Gharama haifiki Sh 15. Siku mbili kabla ya kuoka ndipo anapoikuza mpaka kikombe kimoja. Hakuna anayepewa chachu kabla hajaonja keki. Unapeleka kipande kwenye sahani, na sahani ikirudi na maneno ya kutaka, ndipo kikopo kinakwenda. Sahani za kwetu hazirudi tupu, hilo mnalijua. Moja ilirudi na vibibi, vile vikate vya mchele, nyingine na ukwaju, na hiyo ya ukwaju haikutaja chachu kabisa, nasi hatukuuliza.

Sukari ikipungua, nikaona na jambo sikulitarajia: chachu inaumuka upesi zaidi. Sukari nyingi huvuta maji, ikamnyima hamira nafasi ya kufanya kazi. Kile kikombe kizima cha sukari kilikuwa kikiilemea.

Jumanne, 25 Februari: Yangu imekufa

Tulipatwa na msiba Malindi. Nilikwenda siku tisa. Nilimwachia mdogo wangu maelezo, naye akapata dharura yake, simlaumu. Nilirudi jana usiku, nikafunua: vidoa vya waridi, na pembeni ukungu mweusi wenye manyoya.

Bibi alisema nitoe pale juu niache chini. Ukungu una mizizi isiyoonekana, na rangi ya waridi au ya chungwa ni ishara ya vijidudu vingine kabisa. Nilimwaga yote, nikachemsha maji, nikasuuza bakuli mara mbili. Maji ya kijivu yanasameheka, rangi haisameheki.

Leo asubuhi nimepanda boti ya Shela na kikopo kitupu. Shoga yangu alifungua mlango, akaona kikopo, hakuuliza. Alinipa nusu ya ile iliyotokana na vijiko vitatu. Yake ni nzuri kuliko ilivyowahi kuwa yangu: nyeupe, nzito, inanukia embe bivu. Tangu mwanzo yeye alikuwa akitia sukari kidogo kwa kukosa, na kumbe ndiyo njia tuliyokuja kuifikia sote kwa hesabu.

Nyongeza ya siku chache baadaye: ili nisirudie kilio, nimefanya akiba. Nimepaka chachu nyembamba juu ya karatasi ya kuokea, nikaifunika melimeli, nikaianika kivulini juu darini, upepo unapopita. Siku moja na nusu ikakauka ikavunjika kama biskuti. Iko kwenye chupa kavu, ndani ya kidaka.

Alhamisi, 6 Machi: Ramadhani

Nimefunga, sionji. Nilikuwa nimezoea kuonja chachu kwa ncha ya kijiko kujua kama imekomaa, sasa nimebaki na pua na macho. Nimejifunza alama mbili. Tia tone ndani ya glasi ya maji: likielea, imeiva; likizama, bado. Na tazama ubavuni mwa chupa: nafunga mpira mahali ilipoishia baada ya kulishwa, na ikifika mara mbili ya hapo, ndiyo saa yake. Kwenye kidaka huchukua saa tano hadi sita.

Nalisha baada ya daku. Kufika Adhuhuri imepanda, nachanganya, nawasha makaa kabla ya Alasiri, na keki inapoa kabla ya adhana ya Magharibi. Makaa yamepanda, kikopo Sh 100 sasa, lakini moto huohuo unabaki kwa sambusa.

Vipimo ninavyotumia sasa kwa sufuria moja yenye kikombe katikati: chachu kikombe kimoja, mayai 3, mafuta robo tatu ya kikombe, sukari nusu kikombe, tui zito nusu kikombe, unga vikombe viwili, bekingi poda kijiko cha chai na nusu, magadi soda nusu kijiko, chumvi nusu kijiko, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja, na tende kumi na tano zilizotolewa kokwa, zikakatwa na kuviringishwa kwenye unga zisizame. Magadi soda yatiwe mwisho kabisa, moto ukiwa tayari. Rojo likikaa, hewa inakwisha bure. Gharama nzima na makaa Sh 285. Inatoa vipande kumi na vinne.

Jumamosi, 15 Machi: Akiba

Nimejaribu ile chachu kavu. Kijiko kimoja kwenye vijiko viwili vya maziwa ya uvuguvugu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili vipovu viwili vitatu, nikaongeza unga kijiko na sukari ncha ya kijiko. Ya tatu asubuhi imejaa matundu na ile harufu ya embe imerudi. Nimeokea leo, imepanda sawa na ya Shela, labda kidole pungufu.

Kila mmoja wetu sasa ana chupa ndogo ya kavu. Ile ya Ujerumani itakwenda kwa posta, na shoga yangu ameahidi kuilisha kwenye jiko lake la digrii 19 atuambie inachukua siku ngapi.

Jaribio linalofuata ni unga wa mtama, nusu kwa nusu na wa ngano. Bibi ana hamu ya kitu chenye ladha ya mkate wa mofa. Kikopo cha kwanza nje ya sisi saba tangu tubadilishe utaratibu kimeondoka asubuhi hii kwa boti ya Matondoni, kwa mama aliyeonja keki hitimani akaiulizia mara mbili. Kifuniko kimeegeshwa. Nimemwomba nahodha asikiweke juani.